Piga Pasi, Anakuja

Mapenzi ya kinyozi na binti wa dobi yalianza kwa maneno makali, kama yanavyoanza mapenzi mengi yanayodumu. Ya kwao hayakudumu. Lakini tusikimbilie huko, mtaniharibia hadithi.

Kijana mwenyewe alikuwa na kiti kimoja cha kunyolea, kioo kimoja chenye ufa, na mdomo usiochoka. Mimi nilikuwa nanoa mikasi, visu na nyembe pale pale mlangoni kwake, jiwe langu huku, tupa zangu kule, ndiyo maana nikaitwa Mzee Tupa. Yeye tulimwita Chanzo. Ukikaa kwenye kile kiti ukatoa msemo wowote, hata kama umeutoa huku unapiga miayo, atasimamisha mkasi juu ya sikio lako akuulize, "Unajua chanzo chake?" Na wewe utasema nini, na kitambaa kimeshakukaba shingo?

"Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji," anakuambia. "Watu wanadhani ni onyo. Onyo la nini? Kinyozi alikuwa mmoja, vichwa vingi, akawaambia walioko kwenye benchi walowanishe kabisa nywele zao asipotezewe muda. Basi. Ilikuwa habari ya foleni."

Watu wanacheka mpaka wembe inabidi uondolewe shavuni. Kweli, uongo, mimi sijui. Shule niliiona dirishani. Ninachojua ni kwamba Chanzo ukimpa asubuhi hadithi yenye mguu mmoja, jioni unaikuta ina miguu minne na mkia.

Sasa, taulo zake alikuwa anazipeleka kwa dobi wa mtaa wa nyuma. Siku ya kwanza binti wa pale alizikung'uta mbele ya uso wake, nywele zikaruka kama nzi.

"Kaka, umeniletea taulo au umeniletea vichwa?"

"Dada yangu, hizo ni nywele za waheshimiwa."

"Waheshimiwa na wakae na nywele zao, zinatuzibia mfereji. Kazikung'ute kwanza, ndiyo uje."

Akaenda, akazikung'uta. Kesho yake akaja na taulo ambazo hata hazijatumika. Binti akazinusa, akamtazama. Akamtazama zaidi ya ile kazi iliyomleta. Toka hapo mambo yakawa mambo. Chanzo akampachika jina la Kola, kwa sababu hakuna aliyejua kunyoosha kola ya shati kama yeye, na shingo yake mwenyewe ilisimama hivyo hivyo. Naye Kola akawa anapita mbele ya kinyozi kila siku, anakwenda wapi sijui, maana njia ile ilikuwa inaishia kwenye ukuta.

Taabu ilikuwa shangazi.

Mama yake Kola alifariki mtoto akiwa anatambaa. Shangazi ndiye aliyemlea, na kabla ya hapo ndiye aliyemlea hata huyo baba mtu, kwa kuwa baba alikuwa mdogo wake wa mwisho. Udobi wenyewe ulikuwa wa shangazi. Baba anafua, shangazi anapiga pasi, na neno la mwisho ndani ya nyumba ile lilitoka kwenye meza ya pasi. Wachumba wawili walikuwa wameshakuja wakarudishwa. Mmoja dereva, kosa lake alikaa kabla hajakaribishwa. Mwingine karani, kijana mtulivu tu, akarudishwa kwa sababu alicheka na mdomo ukiwa umefungwa. Shangazi alisema mwanaume anayecheka hivyo anaficha jino au anaficha mke.

Chanzo hakuwa na baba, wala baba mdogo wa karibu, akaniomba mimi nimsindikize. Nikavaa shati lenye vifungo vyote.

"Usiongee sana," Kola alikuwa amemwambia. "Ukiulizwa, jibu. Ukinyamaziwa, nyamaza. Shangazi akikupenda, tumeoana. Asipokupenda, mimi siwezi kumvuka, nakwambia kabisa. Yule ndiye mama yangu."

Tukapokelewa Jumapili mchana. Sebule ndogo, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe vilivyonyooshwa mpaka unaona aibu kuvikalia. Nyuma ya pazia ndiko kwenye meza za pasi, harufu ya sabuni na nguo ya moto inakuja mpaka kwenye kikombe chako cha chai. Shangazi alikuwa mwanamke mwembamba, amekaa wima, mikono yake imejaa alama za pasi za zamani, moja juu ya nyingine. Dobi, kaka mtu kwa umbo lakini mdogo mtu kwa haki, alikaa pembeni yake kama mgeni. Kola alikuwa anamimina chai. Alipofika kwa Chanzo akamimina kupita kiasi, chai ikaingia kwenye kisahani, wakaangaliana, wakajifanya wanaangalia kisahani.

"Kijana," shangazi akaanza, "nasikia una mdomo."

"Ninao, shangazi, ila naulisha kwa jasho langu mwenyewe."

Shangazi akainua kikombe, nadhani alikuwa anaficha kitu kilichotaka kuwa tabasamu.

"Nasikia pia unajua kila neno lilikotoka."

"Nabahatisha tu, mama yangu."

"Bahatisha basi. Kupiga chuku."

Chanzo akamtazama Kola. Kola akatikisa kichwa kidogo sana, fupisha. Lakini wewe mwambie kuku asichakure.

"Chuku, shangazi, ni ile pembe ya kuumikia. Mtu anaumwa mgongo, anabandikwa pembe, inavuta damu chafu. Sasa ikishabandikwa huwezi kunyanyuka, utakwenda wapi na pembe mgongoni? Basi yule muumikaji akawa anajikalia pale anamwaga uongo. Mara alipigana na chui, mara alioa binti wa mfalme. Na mgonjwa anasikiliza tu, hana la kufanya. Akitoka nje anaulizwa, umepona? Anasema, mgongo umepona, masikio ndiyo yanauma, kanipiga chuku."

Shangazi akacheka. Alicheka na mdomo wazi, na dobi akageuka kumtazama dada yake kama mtu aliyesikia kabati linaongea.

"Nyingine," akasema.

"Kumvika mtu kilemba cha ukoka. Palikuwa na bwana mmoja anapenda sifa kuliko chakula. Wenzake wakamsokotea kilemba cha majani mabichi, wakamwambia hiki ni hariri, bwana mkubwa, umependeza. Akakivaa akaingia nacho mjini. Huku nyuma mbuzi akamfuata. Yeye anasema, mnaona, hata wanyama wananiheshimu. Alipofika sokoni kichwa ki wazi na mbuzi kashiba."

Shangazi akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Huyu mbuzi," akasema, "huyu mbuzi." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Huyu sioni sababu ya kumzungusha."

Mnasikia? Ilikuwa imekwisha. Kola alikuwa amesimama na birika mkononi, uso wake unawaka, hajui aliweke wapi. Angenyamaza pale, leo ningekuwa nawasimulia harusi. Lakini sifa zilikuwa zimeshampanda, kinyozi wa watu, akasogea mbele kwenye kiti.

"Hizo ni za kale, shangazi. Ninayo moja ya hapa hapa mjini kwetu. Mmeshawasikia watu wanasema, 'Piga pasi, anakuja'?"

Ule msemo mji mzima ulikuwa nao. Ukisubiri kitu ambacho hakiji, unaambiwa hivyo. Unasubiri mshahara uliochelewa: piga pasi, anakuja. Unasubiri mtoto aliyeahidi kukupigia simu: piga pasi, anakuja. Mimi mwenyewe niliukuta nilipohamia pale, nikaudaka kama mafua, sikuuliza.

"Huo hapa nyumbani hatuusemi," Kola akasema haraka. Na hakujua kwa nini. Aliniambia baadaye kwamba alizabwa kibao utotoni kwa kuusema, akadhani ni kwa sababu ni maneno ya mtaani.

"Ndiyo maana niwape chanzo chake, muuseme kwa raha."

"Chai inapoa, kijana," dobi akasema. Alikuwa ameweka kikombe chake chini.

"Mwache," shangazi akasema. "Aseme."

Akasema. Kwamba zamani palikuwa na binti mmoja, siku ya harusi yake, asubuhi, anapiga pasi gauni lake mwenyewe, pasi ya mkaa, dirisha liko wazi. Bwana harusi akaja mapema, akasimama ng'ambo ya barabara kumchungulia mchumba wake. Akamwona anajaza maji mdomoni anayapuliza kwenye gauni, kama tulivyokuwa tunafanya zamani. Chanzo akajaza mashavu yake hewa, akatoa macho, akapuliza, prrr, kutuonyesha.

"Mashavu kama chura, shangazi. Yule bwana akajiuliza, hivi huu ndio uso nitakaoutazama mpaka nife? Akageuka, akapanda gari, huyo. Na kule ndani wanawake wanamwambia binti, piga pasi, anakuja. Mchana, piga pasi, anakuja. Jua linazama, bado anapiga tu, mpaka gauni likaungua likabaki kola."

Akangoja kicheko. Pale kitini kwake kicheko kilikuwa hakichelewi.

"Alisimama wapi?" shangazi akauliza.

"Ng'ambo ya barabara. Penye duka la viatu."

"Kweli, palikuwa na duka la viatu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Gauni halikuungua."

"Eti?"

"Umesema liliungua. Nilikuwa napitisha pasi nainua, napitisha nainua, mpaka mkaa ukaisha. Lipo kabatini humo ndani. Halina hata doa."

Kola aliliweka birika chini, juu ya kile kitambaa cheupe, likaacha duara la majimaji na hakuna aliyelitazama.

"Dada," dobi akasema.

"Subiri. Wewe ndiye uliyekuja kuniambia mama wa yule bwana harusi alimfungia mwanawe ndani. Kwamba alilia, akapiga mlango, akasafirishwa kwa nguvu. Miaka yote hii ninamwonea huruma. Habari zile ulizitoa wapi, mdogo wangu?"

Dobi alikuwa mtu mzima mwenye mvi, lakini alijibu akiangalia miguu yake.

"Nilikuwa mtoto, dada. Ulikuwa huli."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, polepole. Halafu akamgeukia Chanzo, ambaye uso wake ulikuwa umepauka kama jivu.

"Na wewe habari za ng'ambo ya barabara umezipata kwa nani?"

"Kwa mteja."

"Mteja gani?"

"Mzee mmoja. Anatoka mitaa ya juu. Anakuja kila Alhamisi, ndevu na kisogo."

"Anasimulia habari za mtu, au zake?"

"Zake, shangazi. Nisamehe. Sikujua kama ni..."

"Sijakuuliza unajua nini. Ana mke?"

"Anaye."

"Na watoto?"

"Na wajukuu."

"Akisimulia, anacheka?"

Chanzo alinitazama mimi. Mimi ningemsaidia nini? Nilikuwa pale pale mlangoni kila Alhamisi, nilikisikia kile kicheko.

"Anacheka, mama."

Shangazi akanyoosha mtandio wake magotini, akaupapasa mikunjo ambayo haikuwepo.

"Ananitaja jina?"

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize. Kola alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha shangazi yake. Akamtazama Chanzo. Nimeona watu wakitazamana kwa mapenzi, nimeona kwa njaa, nimeona mama akimtazama daktari. Yale macho yalikuwa yote hayo pamoja. Na midomo yake ikatembea bila sauti, ikalitamka lile jina la shangazi, mara ya kwanza, na mara ya pili.

"Usimtazame yeye, nitazame mimi," shangazi akasema, na hakuwa amegeuka. "Nimekuuliza. Na usinidanganye."

"Hapana," Chanzo akasema. "Nilimuuliza siku moja. Akafikiri, akasema limemtoka. Akasema lilikuwa jina refu refu hivi."

"Ni fupi," shangazi akasema.

Akanyanyuka. Akachukua kikombe chake, akachukua na cha mdogo wake, akavipanga kwenye sinia.

"Mimi sina kipingamizi. Kijana ni mkweli, na wakweli ni wachache. Mpeni."

Akapita nyuma ya pazia. Dobi akabaki kidogo, akaondoka na kikombe changu kama vile ndicho kilichomwita. Nikamsikia huko uani, maji yanamwagika kwenye karai.

Mimi nilibaki pale kitini. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, na mzee akifa ganzi hata nyumba ikiwaka anaangalia. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Kola na Chanzo walisimama kwenye ngazi, hatua chache tu kutoka nilipo.

"Kola. Amekubali."

"Nimesikia."

"Sasa mbona unanitazama hivyo? Sikujua. Naapa sikujua kama ni yeye."

"Najua hukujua. Hilo nilishakusamehe shangazi alipotaja lile kabati."

"Basi nini?"

"Umemwambia kalisahau."

"Si ndivyo ilivyo? Kaniambia nisimdanganye."

"Tangu nikujue hujasimulia kitu kikatoka kama kilivyoingia. Gauni umeliunguza wewe. Mbuzi ni wako. Kila anayekaa kwako anatoka na nywele pungufu na uongo wa kumfikisha nyumbani. Shangazi alitaka neno moja tu. Nami nilikutajia."

"Niliona."

"Uliona?"

"Niliona, Kola. Sasa fikiri. Ningesema analikumbuka, si angekuja? Alhamisi angevaa vizuri akaja dukani, akakaa kwenye benchi akimngoja. Na yule mzee angemwangalia asimjue. Ungependa iwe hivyo? Ndiyo maana nikamwambia ukweli. Nilimwepusha."

Nikaona bega la Kola linalegea, nikasema moyoni, haya, kijana amejiokoa.

"Uliyafikiria yote hayo pale pale?" akamuuliza, taratibu, kama anayetaka sana kuambiwa ndiyo. "Alipokuuliza?"

Na Chanzo, Mungu amsaidie, akasita. Kusita kwenyewe kulikuwa kama kufumba na kufumbua.

"Pale pale," akasema.

"Chanzo."

"Haya. Hapana. Nimeyafikiria sasa hivi, tulipokuwa tunavuka mlango."

"Kumbe unaweza," Kola akasema. "Ukiwa unajitetea mwenyewe, yanakuja."

"Kola, mimi nakupenda. Hilo sijaliongeza."

"Hujaliongeza. Najua." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, wala sauti haikubadilika. "Lakini mimi nitakuwa mzee siku moja. Nitakuuliza kitu, siku mbaya, na wewe utanijibu. Sitaki kuwa na wewe siku hiyo."

"Unanihukumu kwa siku ambayo haijafika?"

"Imefika leo. Kwa mwingine."

"Nikija kesho?"

"Kuna dobi mwingine penye kona ya pili. Hawajali nywele. Taulo zako zimekauka, ngoja nikuletee."

Akaingia, akapita mbele yangu hanioni, akatoka na taulo zimekunjwa pembe kwa pembe, akampa. Alizipokea kwa mikono miwili. Nadhani mpaka hapo alikuwa anaamini ni hasira tu, itapoa. Akaniangalia kwa mbali, nikamwonyesha kwa mkono atangulie. Akatangulia. Nimemfahamu yule kijana miaka mingi baada ya hapo, na nilichokiona mgongoni kwake siku ile kilikuwa mtu anatembea huku anatunga kitakachomrudisha.

Kola akafunga mlango, akanisahau pale kitini. Shangazi alikuwa ameshalivuta pazia pembeni, amesimama kwenye meza, rundo la mashuka ya nyumba ya wageni liko mbele yake.

"Ameondoka?"

"Ameondoka, shangazi."

"Mbona nilishasema ndiyo?"

"Nimemkataa mimi."

Shangazi hakusema amefanya vizuri wala vibaya. Akachomoa shuka moja kutoka kwenye rundo. Kola akamsogelea, akajifuta uso kwa kiganja, na akajitahidi kufanya sauti iwe nyepesi.

"Lakini pale nje kaniambia kitu. Alikuwa anaona haya kukisema mbele ya baba na yule mzee. Amesema yule bwana analikumbuka jina lako. Hulitaja. Akilitaja anaacha kucheka."

"Hulitaja."

"Ndiyo."

"Hulitajaje?"

Kola akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta, macho yanapanda kwenye dari, yanashuka kwenye pasi, hakuna kinachokuja. Hakuwa na kipaji hicho, masikini. Alikuwa na kipaji cha kunyoosha kola.

"Hulitaja tu," akasema. "Polepole."

Shangazi alimtazama bila ukali wowote.

"Unadanganya vibaya, mwanangu. Angelisema yule kijana, ningeamini." Akalitandaza lile shuka hewani, nusu yake ikamfikia Kola kifuani. "Shika ncha hizo. Vuta."